Karatasi Ndani ya Kopo la Vifungo

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku ng'ambo, na kabla sijasema langu, goti linaendeleaje? Shemeji ameacha kukukataza ngazi, au bado mnazozana? Wabusu wanangu wote wawili, uwaambie mama yao mdogo hajamezwa na ndege. Mimi ni mzima, ila vidole vimetobokatoboka na shingo imekaza kama mlango ulionyeshewa.

Tulifika salama, watu kumi na mmoja na masanduku ishirini. Makao ya watoto ni nyumba ndefu ya bati, vyumba vinne vya kulala na ukumbi mmoja wa kulia na kusomea, safi hadi nikaona haya nilipokumbuka chumba changu cha kushonea. Anayewalea ni mama mmoja mnene, mpole, tunayemwita Mama Funguo kwa sababu ya shada la funguo linalolia kiunoni mwake. Watoto wakiusikia mlio huo huanza kunawa mikono kabla hajasema neno.

Siku ya pili tukafungua sanduku la sare nilizoshona. Dada, hakuna hata moja iliyowaenea. Mashati yalifika magotini, sketi zilianguka zenyewe. Mtoto wa miaka tisa huku ana mwili wa miaka sita. Kiongozi wetu wa safari, yule mwalimu mstaafu, alimgeukia Mama Funguo mbele ya watoto akamuuliza kwa nini hakutuma vipimo kama alivyoombwa. Mama Funguo akasema alituma. Kiongozi akasema haikufika karatasi yoyote, na asiyeaminika kwa dogo haaminiki kwa kubwa. Jioni akatuambia ataishauri kamati ya kanisa letu ihamishie msaada wetu makao mengine. Wewe ni katibu wa kamati, huhitaji kuelezwa maana yake. Dawa za watoto hawa na mshahara wa mwalimu wao vinatoka kwetu.

Hata hivyo picha za kupeleka nyumbani zilitakiwa, kwa hiyo kiongozi akaagiza sare zibanwe kwa pini mgongoni. Nilizibana mimi mwenyewe. Baada ya picha nilimvua shati binti mmoja mdogo, nikakuta pini imemchoma na damu imeingia kitambaani. Nikamuuliza mbona hakusema.

"Wageni wakipiga picha hatusogei," akanijibu.

Nilikwenda chumba cha kufulia, nikaitia mafuta cherehani ya mkono iliyokuwa inakula vumbi pale, nikaanza kufumua. Wenzangu walipaka rangi na kucheza mpira na watoto, mimi nafumua. Walinitania kwamba nimevuka bahari kuja kutazama ukuta. Waache. Kwa siku tatu nilifumua sare zote arobaini na mbili. Lakini kushona upya kunataka vipimo, na hapo ndipo nilipokwama.

Sasa keti, dada. Vipimo vilifika. Vilifika miezi mitatu iliyopita, kwa mwandiko wa Mama Funguo, kifua, kiuno na urefu, mtoto kwa mtoto. Mimi nilikuwa nimeshakata vitambaa vyote kwa kupima watoto wetu wa shule ya Jumapili, wale walioshiba, maana nilitaka kumaliza mapema nisifiwe. Nilipoona tofauti, nikaikunja karatasi nikaificha ndani ya kopo la vifungo. Kiongozi aliponiuliza, nikasema haijafika. Na Mama Funguo alipoaibishwa mbele ya watoto wake, nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na kopo hilo likiwa mkobani mwangu. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba fundi asiyepima akashone magunia. Naona aibu, dada, na naistahili.

Leo asubuhi niliwaita kiongozi na Mama Funguo ukumbini, nikaiweka karatasi mezani, nikasema yote. Kiongozi akasema yaliyopita si ndwele, tusilitie kanisa aibu, yeye atajua la kuieleza kamati. Nikamwambia hapana. Aibu ni yangu, nitaibeba mwenyewe.

Mama Funguo aliisoma karatasi yake toka juu hadi chini. Nilingoja anitukane, na ningemshukuru. Akaikunja, akanirudishia.

"Hii imeshapitwa," akasema. "Watoto wamekua. Leta futi."

Wenzangu wanaondoka kesho na barua hii itakuwa mkononi mwa muuguzi wetu. Mimi nabaki mpaka sare ya arobaini na mbili ivaliwe. Karatasi utaikuta ndani ya bahasha. Jumapili kamati ikikutana, wasomee barua yote kwa sauti, na usiruke mstari hata mmoja kwa ajili ya udugu. Wakitaka kuninyang'anya kazi ya kushonea kanisa, wachukue. Makao haya wasiyaguse.

Msalimie shemeji na wote wanaoniulizia, na goti ulipumzishe hata kama hakuna anayekuona.

Ni mimi mdogo wako,
Sindano, jina ulilonipa mwenyewe.

Nilisahau: yule binti, kifua chake ni inchi ishirini na nne. Nilimpima mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza futi ilimtekenya akasogea.