Mama Alivyoaga Mara Kumi

Garsen, Jumamosi, 12 Aprili

Shikamoo Bibi,

Niliahidi kukueleza yote, lakini kadi ni ndogo, kwa hivyo naanza na kubwa. Unajua ule ugonjwa wa neva, MS, unavyomlazimu Mama ainuke kitini mara kumi kila asubuhi, bila kushika kitu, kabla joto halijamlegeza miguu. Mtaalamu wa mazoezi alisema akifikisha kumi, ataanza kujifunza ngazi, arudi chumbani kwake juu. Hakuwahi kupita sita.

Leo tulialikwa chai ya asubuhi kwa Bi Hawo, jirani wa Mama Mdogo tunakokaa. Mama hakutaka kukosa mazoezi, akainuka. Bi Hawo naye akainuka, maana hapa mgeni akisimama, mwenyeji humsindikiza.

"Mbona mapema? Chai bado!"

Mama akaketi, wote wakaketi. Akainuka tena, wakainuka Bi Hawo, binti zake na babu mwenye fimbo. Mama aliona haya kueleza. Mara ya saba Bi Hawo akasema, "Mgeni wetu, unaaga mara ngapi?"

Nikaeleza kwa adabu.

"Kumbe! Basi tufanye sote, hata magoti yangu yanalia!"

Tukahesabu kwa sauti mpaka kumi, chai ikafurika motoni, Mama akicheka hadi machozi. Hakushika kitu, Bibi. Niliitazama mikono yake.

Naubusu mkono wako, Mungu akupe afya. Tafadhali nijibu upesi: ngazi za nyumbani zina vipandio vingapi?

Mjukuu wako,
Salma