Rangi ya Mama Mkwe

Mshauri mpendwa,

Nakuja kwako na rimoti mkononi na aibu usoni, nisaidie kabla ya Jumamosi ijayo. Mimi ni mpima ardhi, nina miaka hamsini na miwili, kitambi cha wastani, na ugonjwa wa kuamini kwamba kila kitu duniani kina kipimo chake sahihi, na mwezi uliopita tulinunua televisheni kubwa ya kujaza ukuta, na spika mbili ndefu zimesimama pembeni kama wageni waliokataa kiti, nami nilipoitazama nikaona nyasi za uwanja wa mpira zinawaka kama zimepakwa rangi ya mlango, nikasema hapana, hii picha lazima inyooshwe, nikaanza kusoma kwenye simu, nikafungua daftari, nikaandika mwanga, weusi, ukolezi wa rangi, ukali wa kingo, na kila jioni nikitoka kazini nakwenda moja kwa moja kwenye rimoti hata viatu sijavua.

Binti yangu alisema, "Baba, televisheni yako inaumwa manjano," maana nilikuwa nimeiweka kwenye picha ya sinema, isiyo na ule weupe wa kibuluu tuliouzoea, nikamwambia subiri macho yazoee, na baada ya siku nne yalizoea, hata yeye alikubali, kwa hiyo usidhani mimi ni mjinga wa kila kitu.

Sasa sikia kosa langu. Mke wangu ana mkanda wa harusi yetu wa miaka ishirini na minne iliyopita, umehamishiwa kwenye flashi, na humo mama yake mzazi, ambaye tulimzika mwaka jana, anapita na sinia la vikombe, anageuka, anamwambia mpiga picha, "Nipishe, mwanangu, nitakumwagia," sekunde kumi na moja basi, na hakuna picha nyingine ya mama huyo akitembea. Wiki ile ya kwanza, mimi nikiwa kazini, mke wangu alikaa na rimoti taratibu, bila daftari, akibadilisha rangi mpaka akasema amempata mama yake, na mimi sikujua, nikabonyeza amri ya kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani ili nianze kitaalamu. Alipochomeka flashi kesho yake mama akatokea amepauka kama kamwagiwa unga. Mke wangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Umenifutia mama."

Nikataka kurekebisha, nikatoa kabatini gauni lile lile alilovaa mama siku ya harusi, nikalishikilia kando ya kioo, nikabonyeza mpaka magauni mawili yakafanana, nikajipongeza, kuinua macho, uso wa mama mwekundu kama tofali! Shemeji zangu wawili walikuwepo. Mkubwa akasema, "Mama alikuwa maji ya kunde, shemeji, punguza." Mdogo akadakia, "Maji ya kunde ya wapi? Mama alikuwa mweusi wa kung'aa, au wewe ulimzoea ukiwa na miwani ya jua?" Wakanyang'anyana rimoti, mke wangu akachomoa flashi, akaitia kwenye pochi, na mpaka leo haijatoka.

Jumamosi ndugu zake wote wanakuja kumwangalia mama. Fundi simwiti, nimeharibu mwenyewe, nitatengeneza mwenyewe, hata nikilala na daftari kifuani. Nianzie wapi, na mke wangu nimwambie nini?

Mpima Ardhi Aliyepotea Sebuleni

*

Ndugu yangu Mpima Ardhi,

Pole. Haya, pole imekwisha, sasa nijibu: ukifika shambani kwa mtu ukakuta jiwe la mpaka, huwa unaling'oa ili upime vizuri? Mkeo alikuwa ameshaweka jiwe lake pale, wewe ukaling'oa bila hata kubisha hodi.

Mimi si wa kukucheka sana. Televisheni yangu bado ina ile nailoni ya dukani, mwaka wa tatu huu, naogopa kuibandua. Kwa hiyo nilikwenda kwa fundi wa mtaani kwetu nikamsomea barua yako. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini, kisha akasema daftari lako liko sawa, ila gauni! Nguo iliyofuliwa miaka ishirini na minne, chini ya taa ya sebuleni, ulitaka ikushuhudilie nini? Na kamera ya siku ile nayo ilikuwa na macho yake. Televisheni inaweza kuwa sahihi kabisa na mama bado akatoka tofali.

Sasa fanya hivi. Televisheni yako ina aina kadhaa za picha, na kila moja inatunza vipimo vyake. Ile ya sinema ni yako. Washa taa mnayotazamia siku zote, shusha ukali wa kingo, rekebisha weusi mpaka uone mikunjo ya koti jeusi bila koti kugeuka jivu, andika namba, uache. Aina nyingine ya picha ni ya mkeo, na humo huingii.

Kabla ya hapo, leo ukirudi nyumbani, vua viatu kwanza. Kaa karibu naye umwambie: "Nilifuta kitu chako bila kukuuliza. Naomba tukitafute tena, wewe utafute, mimi niandike." Usiongeze maelezo ya kiwandani. Neno "sahihi" lifungie kwenye gari la kazini mpaka Jumapili.

Shemeji zako wakianza tena, usiwaamue. Mmoja alimwona mama akishinda juani, mwingine labda alimkuta ameshakaa ndani; kila mmoja anamtetea mama aliyemlea. Waambie rimoti ina mwenyewe.

Akikubali kuitoa flashi, akae pale anapokaa siku zote, rimoti mkononi mwake, wewe sakafuni na daftari. Huenda leo asimpate. Rudini kesho, na keshokutwa, Jumamosi bado ipo. Siku atakayosema, "Hapo," andika namba, funga mdomo, ondoa hicho kitambi mbele ya kioo, umpishe mama apite na sinia lake.