Wawili Wasioachana

Shosti, nimeaibika! Nimejifungia chooni hapa kazini, masikio yanawaka moto.

Si unaijua ile protini yangu, ile ninayotafuta asidi amino zipi kwenye mnyororo wake zinagusana ikishajikunja? Leo nimewaonyesha maabara nzima mbili zilizobanana kuliko zote. Nikasema kwa mdomo wangu huu: "Hawa wawili hawaachani kamwe."

Profesa akapiga makofi. MAKOFI, shosti!

Halafu yule jirani yangu wa meza, mtafuna kalamu, akauliza kwa upole: "Samahani dada, mbona wote wawili wana namba ileile?"

Nikazitazama namba, maana kila asidi amino ina yake.

Kumbe ni asidi amino MOJA! Tawi lake linayumba, limeonekana sehemu mbili, basi faili la vipimo limeiandika mara mbili. Nami nikaifungisha ndoa na yenyewe. Na yenyewe!

Eti profesa: "Mimi niliona tangu mwanzo, nilikuwa nawapima tu." Na yale makofi alikuwa anaua mbu?

Wamecheka mpaka mlinzi kaja kuchungulia.

Ila uongo sikusema, shosti. Niambie wewe, wataachanaje?