Anachokipenda Yule Kijana

Karatu, Alhamisi, Juni 1983

Eti uhuru.

Mwalimu wa fasihi ametuuliza leo, yule kijana wa kwenye riwaya tunayoisoma, anayemchukia kila mtu, anapenda nini kuliko vyote. Nikasimama nikasema anampenda mdogo wake wa kike. Mwalimu akacheka. "Kaa chini, wewe wa Endabash. Anapenda uhuru. Andikeni."

Darasa zima likaandika. Hata Yohana, ambaye jana bwenini tulipoijadili riwaya hiyo alikubaliana nami, aliinamisha kichwa akaandika uhuru. Mnafiki mkubwa.

Na mimi siwapendi watu siku hizi. Mwalimu huyohuyo anatupeleka kupalilia maharage yake, anasema ni elimu ya kujitegemea. Baba anakemea pombe kanisani, na jioni ananuka pombe.

Asiyenidanganya ni Paskalina peke yake, mdogo wangu wa miaka saba. Siku ya kurudi shule alificha viatu vyangu kwenye banda la ndama, na ndama akatafuna kimoja. Nikaja na makatambuga ya tairi, nikachapwa getini. Mama alimwambia aniombe msamaha kabla sijaondoka. Akasema, "Siombi. Nilitaka kaka abaki."

Nampenda mno yule mtoto. Mwalimu acheke tu.

Ila mtihani unanitisha. Swali hilo likija nitaandika uhuru, maana nataka kufaulu. Halafu nitaenda nyumbani likizo, na Paskalina, anayeuliza kila kitu, ataniuliza nilijibu nini.

Sijawahi kumdanganya.