Mama Mdogo Ameondoka na Madumu Yake, Mimi Nimebaki na Wafuasi

Mpendwa Eedo Weris, shangazi yetu sote, asalaam alaykum, naomba unisaidie kabla sijapoteza akili, mimi ni msichana wa hapa Iftin, Garissa, nauza maziwa ya ngamia katika duka la habaryar wangu Abshiro, mdogo wa marehemu mama, ndiye aliyenilea na kunisomesha, na tangu nimalize chuo nilijitwika kazi ya kulipeleka duka letu mtandaoni, kwa hiyo nikaanza kufuata blogu za wataalamu wa biashara ya mitandao ya kijamii, nazisoma asubuhi, nazisoma jikoni mpaka chai inafurika, na wallahi nimejifunza mengi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, blogu moja ilisema piga picha kwenye mwanga wa asubuhi na uweke namba ya simu, nikafanya, hoteli za mjini zikaanza kuagiza. Kisha ikasema tangazo liendane na msimu, na mtaalamu mwenyewe alikuwa ameposti theluji mlangoni kwake, basi nikaandika, "Baridi imezidi, jipashe moto na maziwa yetu," habaryar akatoka nje, akalitazama jua, akaniuliza, "Baridi ya nani?"

Baadaye mtaalamu akaandika kwamba watu hawanunui bidhaa, wananunua hisia, onyesha yanayotokea nyuma ya pazia, usiogope mabishano, na siku hiyo hiyo akaingia jirani yetu Saynab, mteja wa habaryar tangu duka lilipokuwa meza tu, akaonja, akakunja uso, akasema, "Abshiro, leo ngamia wako amekunywa mto Tana wote?" Habaryar naye akamjibu, wakarushiana maneno kama kawaida yao mpaka shungi la Saynab likateleza, nywele zake zenye mvi zikaonekana, nami nilikuwa narekodi kutoka nyuma ya friji, nikaposti, nikaandika juu yake, "Wateja Wasumbufu."

Eedo, video ilipaa! Ilifika Nairobi, ikafika Toronto, hata kuna mtu wa Brazil aliyecheka ingawa sidhani alielewa neno moja, wengine wakakata kipande cha Saynab wakakiwekea muziki, mwanawe aliye ng'ambo akampigia kumuuliza kwa nini dunia inazitazama nywele zake, na sasa Saynab hatoki nje, hata harusi ya mpwa wake hakwenda. Habaryar akaniambia, "Futa." Nikamweleza kwa upole kwamba wataalamu wanakataza kufuta chapisho linalofanya vizuri. Akasema, "Hao wataalamu ndio walikulea?" Kesho yake akabeba madumu yake, akaenda kuuzia sokoni juani na wanawake wengine, wateja wakamfuata, na tukikutana nyumbani ananipita kama ukuta. Nimebaki na friji, taa ya kurekodia na wafuasi wengi sana, na hakuna hata mmoja anayekunywa maziwa.

Nimemwandikia mtaalamu, amenijibu haraka kwamba dawa yangu iko katika kozi yake ya juu. Je, nijiunge? Au nirekodi video ya kuomba msamaha, maana blogu inasema hizo nazo hupendwa? Tafadhali chapisha jina langu na la duka, kila nafasi ni ya kujitangaza.

Ruweyda, Iftin

Eedo Weris anajibu:

Ruweyda binti yangu, hongera. Ukame ulishindwa, mafuriko yalishindwa, wewe umeweza: umemtoa Abshiro katika duka lake mwenyewe.

Jina lako nimelichapa kwa kuwa umelitaka. La duka nimeliondoa, na majina ya hao mama wawili nimeyabadilisha. Ni adabu ndogo ambayo naona haikuwemo kwenye blogu.

Kusoma sikukatazi. Ushauri wa mwanga wa asubuhi ulikuwa mzuri, ulikuletea wateja wenye midomo ya kunywea maziwa. Lakini mtu aliyezungukwa na theluji hakujua kwamba Saynab akilalamikia maziwa, ndivyo anavyosalimia. Wewe ulijua, umekua ukiwasikia. Hakujua uzito wa nywele za mama mtu mzima kutazamwa na wanaume wasiomhusu. Wewe ulijua, na bado ukabonyeza. Usimtwike mtaalamu mzigo huo. Kidole kilikuwa chako.

Najua unaumia. Umefiwa na mama, sasa aliyekulea anakupita bila salamu. Ungeniandikia hilo tu, ningelia nawe. Lakini umeniuliza kuhusu kozi! Ya juu achana nayo, binti yangu, ya chini bado hujafaulu.

Futa hiyo video sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Waliokata vipande waandikie mmoja mmoja, uwaombe wafute. Wengi watakupuuza. Waandikie tena, na waripoti, kwa bidii ile ile uliyosomea blogu.

Video ya msamaha usithubutu. Brazil haikudai chochote. Nenda nyumbani kwa Saynab kwa miguu yako, na mwombe mama mmoja anayemheshimu akutangulie, maana peke yako huenda usifunguliwe mlango. Akikugombeza, sikiliza mpaka achoke. Usijitetee. Akiuliza kwa nini ulifanya, mwambie ukweli, kwamba ulitaka kupendwa na watu usiowajua.

Kisha nenda sokoni. Usimsihi Abshiro arudi dukani, hujaipata haki hiyo bado. Beba dumu, keti kando yake juani, uuze. Huenda akakaa kimya siku nyingi. Vumilia. Siku atakapokuambia, "Sogea huko, umemziba mteja," sogea upesi na umshukuru Mungu, maana atakuwa ameanza kuzungumza nawe.