Mkono Usiosikia

Jumatatu, 4 Machi
Ganzi tena. Imeanzia kidole gumba, ikashika cha kati, sasa kiganja chote. Tangu asubuhi nachapa fomu za wateja juu ya kiti cha plastiki — kile cha magurudumu kilivunjika mgongo, kikatupwa stoo, basi. Kompyuta iko chini mno, shingo naipinda kama kuku anayetafuta punje. Mama Pacha, jirani yangu wa meza, kaninong'oneza: shoga, nenda hospitali. Kwa ruhusa ya nani?

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda. Daktari kanigonga kwenye kifundo cha mkono, umeme ukaruka mpaka vidoleni. Mshipa wa fahamu umebanwa, anasema. Niache kuchapa miezi kadhaa, ama nipasuliwe. Nikiendelea je? Vidole vitapotea nguvu. Kasema taratibu, kama anayemuaga mtu.
Cheti nikampelekea Bosi. Kakisoma amesimama. Eti mama, kuchapa nako kunaumiza mtu? Wabeba mizigo waseme nini? Nikacheka naye. Kicheko kile kinaniuma kuliko mkono.

Ijumaa, 8 Machi
Wiki ya usalama kazini. Afisa usalama kaja na kamera. Kiti cha Bosi kikaletwa mezani kwangu — cha ngozi, kinapanda na kushuka. Kompyuta ikainuliwa juu ya maboksi ya karatasi. Kaa wima dada, viwiko usawa wa meza, tabasamu. Ajabu, mgongo ulinyamaza. Kidogo tu, lakini ulinyamaza. Picha ikaisha, kiti kikarudi kwa mwenyewe. Maboksi nayo.

Jumapili, 10 Machi
Nimeshindwa kumfunga mwanangu vifungo vya gauni. Kamwita shangazi yake. Wifi kafunga, kisha akaniambia: wifi, mkono huo ndio unaolisha nyumba. Kana kwamba sijui. Kaka yake, mume wangu, yuko nyumbani tangu kiwanda kifungwe.
Jioni kikombe cha chai kimeniponyoka. Sikukisikia kikitoka mkononi. Nilisikia kikivunjika.

Jumanne, 12 Machi
Herufi zimelala, naandika kwa kushoto. Niko chooni, ofisini, nimekalia mfuniko. Daftari lilikuwa mfukoni.
Asubuhi Bosi kaja kusimama nyuma yangu. Wateja wanalalamika, majina yao yamekosewa. Chapa nikuone, akasema. Nikaweka vidole. Mkono wa kulia haukunyanyuka. Alingoja. Chumba kizima kilingoja. Nikaomba kwenda msalani.
Nimeumwagia maji, nimeusugua, nimeung'ata. Si baridi, si maumivu. Alama za meno naziona tu, kama za mkono wa mtu mwingine.
Mama Pacha anagonga mlango. Toka shoga, anasema, na sauti yake imekauka. Bosi kamleta binti wa mapokezi, ameshamkalisha pale kwako, anachapa. Mkoba wako ninao hapa.