Kofia ya Bwana Rainodi

Ujerumani,
Jumapili, mwezi wa tisa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Shikamoo tena, maana moja haitoshi kwa umbali huu. Naandika nikiwa nimevua kofia na kuiweka mezani, kwa sababu najua ungekuwa mbele yangu ungeniuliza tangu lini mtoto wa Gasto anamsalimia mama yake na kitu kichwani. Goti linaendeleaje? Dawa ya kuchua bado ipo, au umeshamgawia jirani kama kawaida yako? Na alizeti mmekamua, au magunia bado yamelala sebuleni wageni wanakosa pa kukaa? Mimi ni mzima. Baridi ya huku inauma kuliko upepo wetu wa mwezi wa saba, ila nakula na nalala, namshukuru Mungu.

Barua hii naiandika kwa mkono, kisha nitaipiga picha nimtumie Emiliana kwenye simu akusomee. Emiliana mdogo wangu, soma polepole, na usiruke mahali hata ukiona aibu kwa ajili yangu. Mama, najua msimamo wako kuhusu simu. Lakini hii si habari ya msiba. Msiba unaujua wewe kuliko sisi sote. Hii ni habari ya namna nilivyoufikisha.

Maneno uliyoniambia siku ile pale Ihanja barabarani, tukingoja basi, sijayasahau hata moja. Bwana Rainodi alikuwa ameshatukatia tiketi za ndege, ya baba na yangu, tuje tuone magari ya zamani ambayo wawili hao waliyaongelea tangu enzi za mradi wa visima, baba akiwa dereva wake na fundi wake. Kisha baba akatutoka, safari ikiwa imekaribia. Mimi nilitaka nimpigie mzee wa watu simu nimweleze, yaishe. Ukakataa katakata. Ukasema mtu aliyekula ugali jikoni kwako miaka yote ile haambiwi kifo cha rafiki yake na kidude cha kuweka sikioni. Anatumwa mtu. Na aliyetumwa na msiba hagusi chakula cha mwenyeji kabla hajasema alichotumwa. Ukaizima simu ya baba, ukaifunga kwenye kanga. Tulimaliza matanga, tukanyolewa, na kesho yake nikapanda basi nikiwa na neno lako moja tu la kubeba.

Mama, neno lile nilishindwa kulibeba.

Uwanja wa ndege nilimkuta amesimama na fimbo. Amekonda. Alitazama nyuma yangu kitambo, watu wakitoka na mizigo yao, kisha akanitazama mimi. Akavua kofia yake ya sufu akanivalisha, akaivuta mpaka masikioni, akasema kwa Kiswahili chake kilekile kwamba baridi ya kwao haina adabu. Akaniuliza habari za nyumbani. Nikasema nzuri. Unatujua, hata nyumba ikiungua mtu anajibu nzuri kwanza, ndipo aseme moto. Nilikuwa natafuta mahali pa kuuweka huo moto, lakini hakuniuliza kuhusu baba hata kidogo. Nikajiambia labda ameelewa kwamba safari imemshinda mzee mwenzake. Tukafika kwake. Mkewe alishafariki, watoto wako mbali, amepika mwenyewe viazi na nyama, amejiunguza kidole. Akaniwekea sahani.

Nikala, Mama. Nikala nikaongeza.

Kesho yake akanipeleka kwenye maonyesho, uwanja wa majani kandokando ya mto. Ungecheka. Hiyo mikweche unayoniambia niitoe uani kwangu Singida Mjini, Datsun yangu na ndugu zake, huku inasuguliwa kwa kitambaa laini na watu wanatozwa kiingilio kuitazama. Wenyewe wamekaa pembeni kwenye viti vidogo na chai zao, kama kina mama wa gulio la Ikungi pembeni ya nyanya zao, wanangoja uulize. Niliuliza mpaka sauti ikakauka. Mzee mmoja alinifungulia boneti, akaniwashia injini ya zamani kuliko wewe, ikanguruma taratibu bila hata kikohozi. Nilisimama pale machozi yakinilenga, na sitasema uongo, hayakuwa ya baba. Yalikuwa ya injini.

Jambo moja nililiona nikalipuuza. Pale mlangoni Bwana Rainodi alinunua tiketi tatu. Nilimwambia tuko wawili. Akasema anajua kuhesabu, akaitia ya tatu mfukoni. Nikasema moyoni, uzee huo.

Siku nyingine tukaenda kwenye jumba la makumbusho, na tiketi zikawa tatu tena. Ndani kumepoa kama kanisani siku ya kazi, magari yamezungushiwa kamba, sakafu inang'aa. Tukapita Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, tukapita magari ya wafalme, naye hakuyajali. Alikuwa ananipeleka mahali. Mwisho kabisa kulikuwa na Land Rover 109, rangi ya vumbi, kama ile ya mradi. Akapitisha mkono juu ya kamba akaweka kiganja kwenye madigadi, akakaa hivyo. Mlinzi akaja mbio, maana kugusa ni marufuku. Bwana Rainodi akamwambia maneno machache ya kwao. Yule mlinzi akavua kofia, akarudi alikotoka. Nikadhani wanafahamiana.

Sasa nikuambie kwa nini nilinyamaza, maana najua ndilo unalongoja. Mwanzo nilimwonea huruma. Nani atampiga nyundo mzee wa watu akiwa anacheka? Lakini baada ya siku ile ya kwanza haikuwa huruma tena. Niliogopa kwamba nikisema, safari itageuka matanga, nami sitayaona magari. Basi. Nimeyasoma magari haya kwenye majarida aliyokuwa akituletea Bwana Rainodi tangu sijaota ndevu, na nikamwacha baba yangu akae bila kutajwa ili niyaone. Emiliana, nimesema usiruke.

Jana ilikuwa zamu ya mashindano. Magari ya zamani yanakimbizwa kwelikweli, madereva wengine wamezeeka kuliko magari yao, moshi umetanda, harufu ya mafuta inakushika kooni. Tulikaa jukwaani, kiti kimoja kati yetu kikiwa kitupu, maana ni chetu, tumekilipia. Mvua ikaanza. Gari dogo jekundu likazima kwenye kona mbele yetu, dereva akatoka, akafungua boneti, akashika kiuno. Bwana Rainodi akacheka, akasema Gasto angelilifufua hilo kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, kama alivyofanya kwenye tope la Wembere. Akakitazama kile kiti.

Hapo ndipo nikashindwa kukaa. Nikasimama kwenye mvua, nikavua kofia yake, nikamwambia nimetumwa. Nikamwambia nimetumwa na mke wa Gasto kwamba Gasto hayupo tena, na kwamba nilipaswa kusema kabla ya kugusa sahani yake, nikala, na nikaendelea kula.

Hakushtuka, Mama. Alinivuta mkono nikakaa. Akaniambia alijua tangu uwanja wa ndege, alipokiona kichwa changu. Kwa miaka aliyokaa kwetu anajua kijana hanyolewi kipara cha wembe bila sababu, tena akitokea safarini peke yake, baba yake hayupo nyuma. Kofia ile hakunivalisha kwa ajili ya baridi. Alinifunika ili yeye apate pa kuvutia pumzi.

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akanisimulia jambo ambalo mimi nilikuwa mdogo sana kulijua, ila wewe utalikumbuka. Mama yake mzazi alipofariki, telegramu ilifika Singida Mjini yeye akiwa porini kwenye kisima. Baba aliendesha siku nzima kumfuata. Alipofika alikataa chai, alikataa maji, akamkalisha kwenye jiwe akamwambia kwa mdomo wake. Ndiyo maana aliponiona nimekula alijua maneno yamenikwama, na mtu hampokonyi mjumbe neno alilotumwa. Angelipokonya, ningerudi kwako mikono mitupu. Akaamua kungoja. Na huku akingoja alimtembeza baba kote alikomwahidi, kwa tiketi yake mwenyewe. Mlinzi wa makumbusho aliambiwa kwamba mkono ule unamuaga rafiki.

Nililia pale jukwaani kama mtoto. Watu walidhani gari letu limeshindwa.

Mama, sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Leo asubuhi Bwana Rainodi alitoa kiti uani, akaja na mkasi, wembe na beseni la maji ya moto. Akauliza kama mtu wa nje ya ukoo, tena mzungu, anakatazwa. Nilijua kunyolewa ni kwa wafiwa, na nilijua ruhusa si yangu, ni yako na ya wazee. Nilipaswa kuuliza. Sikuuliza. Nilimfunga taulo shingoni, nikamnyoa. Nywele zake nyeupe zilianguka kwenye maji, naye alikuwa anamsalimia baba kwa Kinyaturu, salamu zilezile za asubuhi alizofundishwa naye, akikosea palepale alipokuwa akikosea zamani. Kama nimevunja mila, kosa ni langu, ningojee na maneno yako, nitayapokea nimepiga magoti.

Yuko jikoni sasa hivi. Anajifanya anaosha vyombo, lakini maji siyasikii. Anangoja kusikia kama unamtambua kuwa mfiwa. Mama, kwa hili naomba uvunje msimamo wako. Emiliana akimaliza kusoma, mwambie apige, useme naye mwenyewe, hata neno moja.

Wasalimie wajomba, na majirani wote waliokesha na sisi. Mwambie mke wangu Esta Datsun isiguswe, narudi wiki ijayo. Tiketi za baba za kuingilia Bwana Rainodi amenikabidhi, ninazo zote tatu, hazijachanwa.

Kofia niliyoiweka mezani nilipoanza kuandika haipo. Ameipitia sasa hivi, ameivaa. Kichwa chenye baridi sasa ni chake.

Mwanao anayekuheshimu,
Moses Gasto